Kumi na Tisa Haikuwa Yangu

Nakumbuka asubuhi moja ya miaka ya vita, mwanangu, ambayo nimeikana maisha yangu yote: niliiba hesabu ya mwenzangu.

Shule za mji wetu wa Kindu zilikuwa zimefungwa, na Mwalimu alitufundisha barazani kwake. Chaki hatukuwa nayo. Tuliandika kwa vipande vya muhogo mkavu kwenye mlango wa nyumba yake. Alikuwa na barua moja tu, ya kumwingiza mwanafunzi mmoja shule ya bweni. Siku hiyo akatuambia tuzidishe 2, 3, 5, 7, 11, 13 na 17, kisha tuongeze moja. Ikatoka 510 511.

"Mwenye kunieleza hii namba vizuri, barua njo yake, anaichukua," akasema. "Nangoja mpaka kesho."

Nilijibu palepale. Ukiigawanya kwa yoyote kati ya zile saba, inabaki moja. Kwa hiyo, nikasema, haigawanyiki kabisa. Nilijiona profesa. Zaina, aliyekuja kwetu na mama yake wakikimbia vita kutoka Kampene, ambako baba yake alichimba madini, akanitazama.

"Dada, umeuliza namba saba tu. Zingine je?"

Wenzetu wakacheka, na mimi wa kwanza, lakini ndani niliwaka. Nilimwonea wivu Zaina kwa utulivu wake, kwa mwandiko wake, hata kwa jinsi alivyochonga muhogo wake ukafanana na chaki ya kweli.

Kesho yake, nikienda kuteka maji, nikapita pale barazani. Zaina alikuwa amebaki pale jana yake jioni. Mlangoni alikuwa ameandika kwa mwandiko wake: 19 × 26 869 = 510 511. Kumi na tisa, mwanangu, ile inayofuata kumi na saba. Ningejaribu namba moja tu zaidi, ningeipata mwenyewe. Nikapangusa yote kwa kikwembe changu, kitenge nilichojifunga kiunoni, nikaandika yaleyale kwa mwandiko wangu. Mwalimu akanipa barua. Zaina akautazama mlango, kisha kikwembe changu.

Nikasoma hadi chuo kikuu. Tangu hapo nimeandika insha nyingi juu ya uaminifu, na wasomaji wamenishukuru.

Basi nasaha yangu ni hii: ukimwonea mwenzako wivu, mwendee umwambie, "Nionyeshe ulivyofanya." Utaona aibu siku moja tu. Mungu akujalie mwenzako anayekuzidi, akupe na moyo wa kukaa karibu naye.

Mimi nilichelewa. Wiki iliyopita ndipo nilipompigia simu Zaina, ambaye sasa analima Kailo. Nikakiri yote.

"Nilijua tangu siku ile," akasema. "Kikwembe chako kilikuwa cheupe chote kwa unga wa muhogo."

"Mbona ulinyamaza?"

"Nani angeamini mutoto wa wakimbizi? Nilikukasirikia sana. Halafu nikaona ile 26 869 uliiacha vile vile. Mimi giza lilinikatisha; mwenye hesabu hawezi kuiacha bila kuuliza kama nayo inagawanyika. Uko na kalamu?"

"Niko nayo."

"Gawanya kwa tisini na saba."

Nikagawanya. Ilinichukua muda. Ikatoka 277, bila baki. Zaina alikuwa bado kwenye simu, ananingoja.