Jiwe Jeusi na Jiwe la Povu

"Modesta, umeshakula?" mama mdogo Kezia aliuliza kwenye simu.

Modesta alikuwa anaanika mashuka ya kambi ya watalii, Natta. Mtu akikuuliza kama umekula kabla hajakusalimu, ujue kuna msiba. Aliketi juu ya beseni lililopinduliwa.

"Ni mama?"

"Ni yeye, mwanangu. Bwana amemchukua asubuhi, yeye akipepeta ulezi."

Njiani kwenda kijijini kwao Mbalibali hakulia. Aliwaza jiwe. Kwa ukoo wao, mama akifa, binti wa mwisho hubeba jiwe lake la kusagia, peke yake, toka jikoni hadi kaburini. Binti wa mwisho ni yeye, na lile jiwe jeusi hajawahi hata kulisogeza. Alipofagia jiko, alilizunguka tu kama mzee aliyelala.

Agustina, mama yake, alisagia juu ya jiwe hilo tangu aolewe. Mashine ilipofika kijijini, alisema unga wake unanukia dizeli, akaendelea kuinama. Mwaka jana Modesta alimhurumia mabega, akamnunulia mnadani jiwe la kijivu lenye matundu, jepesi kama mkate, la kushika mkononi badala ya lile zito la juu linalosukumwa juu ya jiwe jeusi.

"Yote mawili yametoka kwenye volkano, mama," alieleza, maana kidato cha nne alikuwa amefika. "Hili jeusi ni basalti. Lilitiririka kama uji, likaganda likiwa limeshiba. Hili pumisi liliruka na gesi, likaganda bado lina povu. Hata majini linaelea."

"Kwa hiyo moto wao mmoja?"

"Mmoja."

"Basi huyu mdogo alitoka kwa haraka. Kama wewe."

Pasaka ya mwaka huo ugali ulilia mchanga menoni. Jiwe jepesi lilikuwa limesagika pamoja na ulezi. Mchungaji aliyealikwa alitafuna, akasimama, akaomba tena. Agustina alicheka mpaka akashika mlango, kisha akalichukua jiwe la povu kusugulia miguu. Tangu hapo Modesta alijiita mwenyewe jiwe la povu: matundu mengi, hewa tele, na bado nataka niitwe jiwe.

Asubuhi ya mazishi aliingia jikoni, akajifunga khanga, akaomba, akainua. Jiwe halikutikisika. Akaomba tena, safari hii kwa jina kamili la Yesu Kristo wa Nazareti. Kilichoinuka ni kisigino chake.

"Utazikwa wewe," alisema kaka yake, Revocatus, mlangoni. "Tushike wawili."

"Mila inasema mmoja."

"Mila haijakuona mikono."

Mama mdogo Kezia akaita kutoka chumbani. "Modesta! Acha jiwe, njoo huku. Dada alisema asipelekwe kwa Bwana na magaga, na mimi magoti hayapindi."

Miguu ya mama yake ilikuwa baridi, imepasuka visiginoni. Kando ya karai lilikuwa lile jiwe lenye matundu, limeliwa nusu. Modesta alipiga magoti, akasugua polepole mpaka visigino vikawa laini. Hapo ndipo alipolia. Kisha akamwita Revocatus waende kulishika jiwe wawili.

Mchana walimzika Agustina nyuma ya nyumba. Jiwe jeusi lilibebwa na wawili, Modesta upande mmoja, Revocatus upande wa pili, likawekwa upande wa kichwa cha kaburi. Mchungaji aliomba kwa ufupi. Wakaimba, wakafukia, wakanawa mikono.