Barnabas Aunga Mkono Hoja

Mzee Alfayo alikufa zaidi ya miaka thelathini iliyopita, lakini katika ghala la mitumba la Saltley, Birmingham, bado anaingia zamu. Barnabas Nyakundi, mwanawe wa kwanza, amekwisha kumzoea. Mashine ya kubana marobota inapoanza kugonga, mzee hujitokeza mwisho wa meza ya kuchambulia nguo, amevaa ovaroli yake ya kaki, mikono nyuma, anatazama. Hasemi neno. Laiti angesema, hata kwa kutukana, Barnabas angepumua.

Tuseme mambo yalivyo. Barnabas ni mtu wa miaka hamsini na minane, mzee wa kanisa, hodari wa kupiga pasi mashati yake mwenyewe, na kazi yake ni kuchambua nguo kuukuu za Waingereza ziende Mombasa. Nzuri kabisa huitwa kamera, zile ambazo wauza mitumba wa soko la Gikomba, Nairobi, huzigombania robota likikatwa tu. Mbovu huitwa fagia. Kati ya hizo mbili mkono wake haukosei, na Baldev, mwenye ghala, humsifu mbele za wageni. Na kiwanda cha vitambaa alichofanyia kazi baba yake kule Thika kiliuawa na nini? Na nguo hizo hizo. Milango ya biashara ilifunguliwa, mitumba ikamiminika, na wafumaji mia nne wakaambiwa waende nyumbani wangoje kuitwa.

Mzee Alfayo alingoja akiwa amesimama. Kwa miezi kumi na moja alivaa ovaroli kila asubuhi akaenda langoni, hadi mlinzi akamwonea huruma akamletea kiti. Alifia kwenye kiti hicho saa nne ya asubuhi, watu wakipita wakidhani anapumzika. Nyumbani kwake mitumba haikuruhusiwa kuvuka kizingiti. Aliiita kafa ulaya, kwa jina la zamani, na alisema hawezi kumvua maiti amvike mwanawe. Siku ya mazishi mchungaji alisema mzee ameitwa na Bwana. Hakuna aliyetaja kwamba alikuwa amefukuzwa kazi, na Barnabas, kijana wa miaka ishirini na kitu, naye alinyamaza. Kunyamaza kule ndiko kunakomtafuna.

Sasa mtu kama huyu anafanya nini katika chama cha Conservative? Wakenya wenzake kanisani humuuliza hivyo, wengine kwa utani, wengine la. Yeye hujibu kwamba anaamini familia, Mungu, na mtu kula jasho lake, basi. Aliyemwingiza ni Brigid, mjane wa miaka themanini na moja anayekaa Sutton Coldfield, ambaye Jelagat, mke wa Barnabas, huenda kumwogesha na kumpikia chai asubuhi. Jelagat alikuwa karani Nairobi kabla ya kuja kuwatunza wazee wa watu, na hana muda na vyama. Barnabas alikwenda mkutano mmoja kwa heshima ya bibi huyo, akaenda wa pili, na kwa miaka sita sasa amekuwa akipanga viti vya tawi. Hakuna aliyewahi kumuuliza maoni yake juu ya jambo lolote, ila mahali pa kuegesha magari.

Halafu masika haya tawi likapasuka. Serikali ilikuwa inazungumza mikataba mipya ya biashara na nchi za nje, na tawi lilitaka kuandikia makao makuu barua ya msimamo. Mtu wa nje angedhani Conservative wote husema kitu kimoja. Thubutu. Ivan, mwenyekiti, alisema kazi ya serikali ni kuondoa mkono wake: mjane anunue kiatu cha bei nafuu kutoka kokote kule, huo ndio uhuru, na chama kikiuacha uhuru huo kijifunge duka. Brigid alisema jina la chama lina maana ya kuhifadhi, na yeye anataka aonyeshwe kilichohifadhiwa. Watu waliokula keki pamoja miaka ishirini wakaanza kukaa pande mbili za ukumbi. Walipohesabu vichwa, waligawanyika nusu kwa nusu, na hapo ndipo wote wawili walipomkumbuka mpanga viti.

Ivan alikuja ghalani mwenyewe, viatu vinang'aa katikati ya vumbi la nguo. Alisema Barnabas ni mfano hai wa biashara huria: nguo zinatoka hapa, zinavisha watu Afrika, kila mtu ananufaika. Asimame kwenye mkutano wa Jumamosi aseme hivyo tu. Kisha akaongeza, kama mtu aliyekumbuka njiani, kwamba mgombea udiwani wa Hodge Hill bado hajapatikana. Barnabas anakaa Hodge Hill. Alijua anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, lakini moyo ulimruka, tusimfiche. Alipoinua macho, mzee alikuwa mwisho wa meza, anamtazama Ivan viatuni.

Brigid hakuahidi kitu. Alimwita jikoni kwake, Jelagat akisuuza vikombe, akamuuliza, "Baba yako alifanya kazi gani?"

Miaka kumi na tisa Birmingham, na hilo swali lilikuwa halijaulizwa. Barnabas alieleza hadi kwenye kiti cha langoni. Brigid akamshika mkono. Alisema baba yake naye alikuwa na karakana ya bawaba za milango, mtaa wa tatu tu kutoka ghala la Baldev, na bawaba za bei rahisi kutoka ng'ambo zilipoingia, aliendelea kuzitia mashine mafuta miaka miwili baada ya mfanyakazi wa mwisho kuondoka. Hakuwa akiigiza. Wale wawili walikaa pale kama watu waliofiwa nyumba moja, na tangu saa hiyo Barnabas hakuwa tena na pa kukimbilia.

Hata hivyo alimpigia simu dada yake. Kemunto, kitinda mimba wao, yuko Naivasha, anafunga mashada ya waridi katika shamba la maua, na yeye ndiye aliyemkuta baba amekufa kitini, akiwa msichana wa miaka tisa aliyempelekea uji.

"Msemee," Kemunto alimwambia. "Hata ukikosa hiyo udiwani, msemee. Hakuna mtu amewahi kumsemea."

Jumamosi mchana Barnabas alipanda treni ya Sutton akiwa na suti yake ya kanisani na karatasi mbili za hoja ya Brigid, ambayo ikipita ndiyo ingekuwa barua ya tawi. Kipengele cha kwanza kilitaka bidhaa za bei ya kutupa zizuiwe. Cha pili kilitaka viwanda vidogo vilindwe. Cha tatu kilitaka mikataba ipitiwe na wabunge kabla ya kutiwa saini. Cha nne, juu ya ukurasa wa pili, kilitaka kukomeshwa kwa preferences zote kwa nchi za nje. Hapo Barnabas alitabasamu. Upendeleo! Mtu aliyekulia Kenya haelezwi upendeleo ni nini. Nafasi yake ya chuo cha ualimu ilipewa mpwa wa mkubwa fulani, na mpwa mwenyewe hakujua hata kuandika barua. Alitoa kalamu akapiga mstari chini ya neno lile, mara mbili. Kiti cha kando yake kilikuwa kitupu, na abiria walisimama badala ya kukikalia. Barnabas hakushangaa.

Ukumbini zamu yake ilipofika, alisimama. Watu arobaini walimtazama kwa upole ule wa kumtazama mpanga viti. Akapiga moyo konde.

"Baba yangu aliitwa Alfayo," alisema. "Alifuma kitambaa cha sare za shule kwa miaka ishirini na miwili. Nguo ninazopeleka Kenya kila wiki ndizo zilizofunga kiwanda chake. Mimi ninazichagua kwa mkono huu."

Aliwaeleza ovaroli, lango, mlinzi, kiti. Hakutia chumvi, wala haikuhitajika. Alipomaliza, upande wa Brigid ukasimama ukapiga makofi, na upande wa Ivan nao ukasimama, mmoja mmoja, kwa kuona haya kubaki wamekaa. Barnabas alitazama nyuma ya ukumbi. Mzee hakuwepo. Barnabas alijihisi mwepesi, kama mtu aliyetua gunia. Brigid alipouliza nani anaunga mkono hoja, yeye ndiye aliyeinua mkono wa kwanza, na yeye ndiye aliyetia saini chini ya jina la bibi. Kura zikawa ishirini na moja kwa ishirini.

Mlangoni Ivan alimshika kiwiko. "Barnabas, ulisoma ukurasa wa pili?"

"Niliusoma vizuri sana," Barnabas alimjibu, akajiambia huyu ni mtu aliyeshindwa, hasira ni lazima.

Nyumbani Hodge Hill alimkuta Jelagat mezani anakula kabla ya kwenda kwa mzee mwingine anayemtunza jioni. Alimpa karatasi kama mwanafunzi anayeleta ripoti. Jelagat alisoma ukurasa wa kwanza akitafuna. Kwenye wa pili akaacha kutafuna.

"Baba Lennox, hii preferences unajua ni nini?"

"Upendeleo. Tumeimaliza. Nimesupport mimi mwenyewe, hapo chini."

"Ngoja." Aliweka uma chini. "Kazi yangu Nairobi ilikuwa gani? Nilikuwa nafanya documents za maua, miaka saba nikijaza hizi fomu. Preference ni ile ruhusa maua yetu yanaingia huku bila ushuru. Sio watu wanapendelewa huku. Ni sisi. Ni kina Kemunto."

Barnabas alichukua karatasi akaisoma tena, neno kwa neno, na mistari yake miwili ya kalamu ilikuwa pale.

"Brigid alijua?"

"Brigid anawaza bawaba za babake. Kenya hata hajaikumbuka."

"Ni barua tu ya tawi. Nani ataisoma?"

"Pengine hakuna," Jelagat alisema. "Lakini jina ni lako."

Simu ikaita. Ilikuwa Kemunto, kama walivyoahidiana. Barnabas aliiacha ilie hadi ikakatika, ikaanza tena. Mzee Alfayo, ambaye tangu afe hakuwahi kuvuka kizingiti cha nyumba ile, alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni na ovaroli yake. Hakumtazama mwanawe. Alikuwa anaitazama simu. Barnabas akaipokea.

"Umemsemea?" Kemunto aliuliza.

"Nimemsemea."

"Na wakasikiza?"

"Walisimama wote. Wakapiga makofi."

Kemunto alilia. Alilia bila kujizuia, huku akicheka, akisema Wazungu wamemsimamia baba yake, mtu ambaye watu wa Thika walimpita kama jiwe. Barnabas alifungua kinywa amweleze kipengele cha nne. Aibu ilimchelewesha, na Kemunto tayari alikuwa amegeuka kuwaambia watu alio nao.

"Tuko wanne hapa, tumetoka shift sasa hivi," alisema. "Nimewaambia stori ya baba. Naweka loudspeaker. Tuambie vile ulisema, ndugu yangu, kuanzia mwanzo."

Wanawake watatu asiowajua wakamsalimia kwa zamu, wakamwita kaka, wakamwombea baraka. Kisha wakanyamaza wamsikilize. Barnabas alikohoa, akaanza kwa jina la baba yake, akaendelea hadi kwenye kiti. Walimpigia makofi, na yeye akawashukuru.