Mkono wa Gidamis

Jumapili ile kambini tulikuwa tunafua nguo. Mimi nilikuwa mhudumu wa tiba wa kikosi, yule anayebeba begi la dawa, mtoto wa wakulima wa kijiji cha Daudi aliyesoma sayansi mpaka kidato cha sita akajiona anajua kila kitu. Gidamis alikuwa mfugaji wa Dirma, Mbarabaigi mrefu asiyepatana na sabuni. Katika kikosi kizima kilichopelekwa mashariki mwa Kongo kulinda amani, ni sisi wawili tu tuliotoka pande za Mbulu na Hanang, kwa hiyo tulitaniana kama ndugu.

Siku hiyo alinieleza jinsi kwao wanavyomtoa ng'ombe damu ya kunywa. Wanamfunga kamba shingoni, mshipa unasimama, wanautoboa kwa mshale mfupi. Wakipata ya kutosha wanalegeza kamba na kubana tundu kwa kidole mpaka damu ikatike, na ng'ombe anarudi malishoni. Mama yake, alisema, humshukuru Mungu kila damu inapokatika. Nikamcheka. Nikammwagia yote niliyokariri shuleni kuhusu damu kuganda, na yeye akanisikiliza kwa adabu huku akikamua shati lake.

"Na siku ikikataa kuganda," akauliza, "utaiomba biolojia?"

Siku nne baadaye tukashambuliwa barabarani.

Bomu lilipiga gari la mbele, likawaka moto. Tukaruka mtaroni. Nilihisi kama nimepigwa teke na ng'ombe, juu kabisa ya paja, karibu na kinena. Damu ilikuwa inaruka kwa mapigo. Nilijua maana yake: nilikuwa nimebakiza dakika chache.

Begi langu lilikuwa garini. Hata ningekuwa nalo, jeraha lilikuwa juu mno, hapafungiki mkanda wa kuzuia damu.

Gidamis alikuja akitambaa. Hakuuliza kitu. Alipapasa kinena changu, akautafuta mshipa juu ya jeraha, akaukandamiza kwa dole gumba na uzito wake wote.

Damu ikakatika.

Ili akandamize vizuri ilibidi apige magoti. Mtaro ulikuwa wa kina kifupi. Kichwa na mabega yake yalibaki juu.

Nilimwambia alale.

"Nyamaza," alisema. "Unatikisika."

Bomu la pili lilianguka nyuma yake. Aliguna, akajikunja. Mkono haukusogea.

Waliotuokoa walifika baada ya muda ambao mpaka leo siwezi kuupima. Walimkuta yu hai lakini hasemi, na walilazimika kuvikunjua vidole vyake kimoja kimoja. Alifia garini kabla hatujafika hospitali.

Daktari aliyenishona alinieleza kwamba misuli ikibana muda mrefu namna ile hukaza na kufa ganzi, na mtu hawezi kuachia hata akitaka. Alidhani ananifariji. Kwangu maneno yale yaliuma kuliko jeraha. Kama mkono ulikaza wenyewe, basi Gidamis alinaswa pale, na aliyemnasa ni mimi.

Miaka miwili nilishindwa kwenda Dirma. Nilipokwenda, nilimkuta mama yake anakamua. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaacha ng'ombe wawili bado hawajakamuliwa, akanipa kigoda na kuniambia nianze mwanzo. Nilimwambia yote, pamoja na ya daktari. Nilitaka anilaani yaishe.

Alifumba na kufumbua kiganja chake.

"Huyo daktari amesema kweli, ila hajawahi kukamua," alisema. "Mimi nakamua tangu msichana. Mkono haufi ganzi mara moja. Kwanza unauma. Unauma sana, na wakati huo unaweza kuachia. Mwanangu aliumwa, hakuachia. Mungu alikuwa hapo kwenye kuuma. Kwenye ganzi hakukuwa tena na kazi."

Siku hizi natibu watu kijijini Masieda, na nimesoma vitabu vingi vya utabibu. Sijaona palipoelezwa vizuri kuliko pale zizini. Mama yule hakukataa hata neno moja la daktari. Alianzia tu mahali ambapo daktari alikuwa hajafika. Namheshimu kuliko mwalimu yeyote aliyewahi kunifundisha.

Lakini Gidamis alikuwa mwanawe wa pekee. Alipomaliza kusema alikuwa analia, na wale ng'ombe wawili walikuwa bado wanamngoja. Nikachukua kibuyu nikaenda kumsaidia, kazi ambayo kwao si ya wanaume, naye akaniacha. Nilikamua vibaya. Maziwa hayajafika hata nusu, mkono wangu ukaanza kuuma, kama alivyosema.

Nikaachia.