Siku Nilipomjibu Bibi kwa Kiingereza

Jamani, huu mkasa naona aibu hata kuusimulia, na msinicheke kabla sijamaliza, maana mwisho wake hauchekeshi hata kidogo.

Nilikuwa kidato cha nne, shule ya bweni ya wasichana hapo Morogoro mjini, tumechanganyika Wachaga, Wahaya, Wasukuma, Wapemba, watoto wa wahadhiri na sisi wengine tulioshuka kutoka milima ya Uluguru na ndoo zetu, na sheria moja ilitubana wote: Kiswahili marufuku mpaka kengele ya jioni. Ukikamatwa unavishwa kibao shingoni, na atakayekutwa nacho mstarini siku ya Ijumaa anaosha vyoo wiki nzima. Mimi sikuwahi kukivaa tangu kidato cha kwanza (na nilikuwa naringa kwelikweli, msinione hivi), na siku hiyo ilikuwa Ijumaa, mtihani wa majaribio umebakiza wiki moja tu, sasa nani anataka kushinda vyooni wakati wenzake wameinamia vitabu?

Basi saa nne, wakati wa uji, nikamwona bibi yangu mzaa mama anaingia getini, miguu imejaa vumbi, kapu la ndizi kichwani. Haikuwa siku ya kutembelewa. Wenzangu wote walikuwa uani, na Neema, kiranja wa lugha, kasimama hatua tatu kutoka kwangu, kibao mkononi, anatafuta shingo ya kukitundika.

"Zuhura mwanangu, njoo unipokee," bibi akasema.

Hapo ndipo nilipoharibu. Badala ya kumwamkia kama mtoto aliyelelewa, nikamsalimia kwa Kiingereza, tena kile cha puani, nikijiambia Neema akishapita nitamweleza bibi. Neema hakupita. Bibi akadhani sikumsikia, akarudia, nami nikarudia Kizungu changu kwa sauti zaidi, na wasichana wakaanza kuchekacheka.

Bibi akamgeukia matroni aliyekuwa anagawa uji. "Mama, huyu mtoto ana nini? Likizo alikuwa anasema vizuri tu."

Hapo uwanja mzima ukaangua kicheko. Mkuu wa shule akatoka ofisini kuuliza kelele za nini, akamwamkia bibi kwa heshima zote, kisha akaniambia kwa Kiswahili, "Zuhura, mpokee bibi yako mzigo." Mimi, kichwa maji, nikadhani ananitega! Nikamjibu kwa Kiingereza, nimesimama wima, mikono nyuma. Mpaka wapishi walicheka.

Bibi hakucheka. Akalitua kapu mwenyewe.

"Mwalimu, nilikuja kumwombea ruhusa. Babu yake hali si nzuri, tangu juzi anamtaja yeye tu. Lakini hicho Kizungu babu yake hakijui. Mwacheni asome."

Akajitanda kanga yake, akatoka. Nikamkimbilia nikipiga kelele, "Shikamoo bibi! Bibi, shikamoo!" (Neema anasikia, shule nzima inasikia), naye akaitikia marahaba bila kugeuka, na mlinzi akanizuia getini kwa sababu sikuwa na karatasi ya ruhusa.

Karatasi niliipata kesho yake asubuhi. Nikaupanda mlima mbio, jasho na machozi vimechanganyika, nikamkuta babu yu hai lakini kauli imekatika usiku. Nilimwamkia, nikamsemesha kila nililokuwa nalo, Kiswahili, Kiluguru, sikubakiza neno. Alinitazama tu. Jumatatu tukamzika.

Kiingereza nilipata A. Nilipompelekea bibi habari akasema hongera, kisha akaendelea kuchambua maharage yake. Nilijiona mdogo kuliko siku zote.

Sasa nimejiapiza: mtu mzima akitokea namwamkia hapohapo, asikie kiranja, asikie waziri, na kama adhabu ni vyoo, nipeni ndoo nikaoshe. Najua nimechelewa.