Koti la Pazia

Pazia lilikuwa la kahawia, lenye maua makubwa ya manjano. Miaka yote niliyokuwa nikienda kwao Ziwani lilining'inia katikati ya chumba, likitenga kitanda cha mama na viti vya wageni. Rafiki yangu alilishusha Jumamosi moja mama yake alipokwenda kituoni kuwapokea akina mama wa chama, maana zamu hiyo walikuwa wanakutana kwake. Waliporudi na kufungua mlango, wote walikiona kitanda ambacho hakijatandikwa, beseni la nguo chafu, na kijana mwenye digrii ya sanaa ameketi kwenye cherehani ya mamake akikata pazia kwa makasi.

"Wewe ni mwizi," mama yake alimwambia mbele yao. "Mwizi wa nyumbani. Hata yule wa nje hubeba televisheni akaacha pazia."

Akina mama walicheka. Yeye hakucheka. Mimi nilikuwa nimeshika ncha ya pili ya kitambaa kisiburute sakafuni, nikaendelea kuishika, kwa sababu sikujua kama kuiachilia kungekuwa heshima au kukimbia.

Pazia lile likawa koti. Alilishona kwa haraka mno, kama mtu anayeogopa kubadili nia: kola pana, mikono mirefu, maua mawili makubwa mgongoni yakitazamana. Mama yake alikataa kulitazama. Siku iliyofuata alitundika shuka ya buluu pale pazia lilipokuwa, na hawakulizungumzia tena.

Tulikuwa watatu tuliomaliza chuo pamoja: yeye, mimi, na mwenzetu mmoja aliyeacha kuchora akaanza kucheza muziki, ambaye sote tulimwita DJ. Kwenye maonyesho ya sanaa ya ule upande mwingine wa jiji tulikuwa tunasimama kando ya ukuta, glasi mkononi, tukiogopa kuuliza choo kiko wapi. Basi tukajitengenezea mahali petu. Mjomba wa DJ alikuwa mlinzi wa stoo ya katoni karibu na Mukuru kwa Reuben, na Jumapili mchana, kukiwa hakuna kazi, alitufungulia. Picha tulizibana kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Hatukutangaza popote, mtu alimleta mtu. Wengine walikuja moja kwa moja kutoka kanisani. Wengine walitembea kutoka Mukuru kwa Njenga wakiwa wamebeba mavazi yao kwenye mifuko, wavalie ndani, wasichekwe njiani.

Rafiki yangu ndiye aliyeleta sheria. Aliiandika ukutani kwa chaki: *Nguo haina mwenyewe.* Ukiingia, uliitundika nguo uliyoishona au kuipamba kwenye bomba refu lililopita kando ya mlango. Ukitoka, ulichukua ya mwingine. Uliivaa, ukaibadilisha kitu kimoja, kisha ukairudisha siku nyingine ichukuliwe tena. Asiyejua kushona aliongeza hata kifungo. Tulicheza ngoma hadi jua likaelekea kuzama, kisha kila mmoja akaenda kwao akiwa amevaa kazi ya mtu asiyemjua vizuri. Sijawahi kuwa na Jumapili nzuri kama zile.

Alipolitundika koti la pazia nililitamani. Nikawaza: nikilichukua, atadhani namtunzia asilipoteze, na hapo nitakuwa nimeivunja sheria yake. Nisipolichukua, atadhani silipendi. Nilipokuwa bado nawaza, DJ alikuwa ameshalivaa.

"Wewe baki hapo ukifikiria, buda," aliniambia, akizunguka ili maua yaonekane. "Sisi tunapendeza."

Msimu wa baridi rafiki yangu alianza kukohoa. Alisema ni vumbi la katoni. Alilazwa kwa nimonia, na kabla sijaamua kama ningempelekea matunda au kitabu cha kuchorea, alifariki. Siwezi kuyaandika hayo kwa urefu zaidi. Nimejaribu.

Jioni watu walikusanyika kwao kuomba na kupanga safari ya kumpeleka magharibi, nyumbani kwa baba yake, akazikwe. Mama yake aliniita nyuma ya shuka ya buluu, upande wa kitandani, ambako sikuwahi kufika. Suti ambayo mwanawe alivaa siku ya mahafali ilikuwa imelazwa kitandani, imepigwa pasi.

"Kesho kutwa asubuhi tunapeleka nguo mochari," alisema kwa sauti ya chini. "Ile pazia yangu iko wapi?"

"Alishona koti, mama."

"Najua alishona koti. Nauliza iko wapi. Nilimwita mwizi mbele ya watu, na hakuna siku nilimwambia ilikuwa tu hasira. Nataka aende nayo. Akiivaa atajua nilimpa."

Nilisema nitalileta. Nilipofika nje ndipo nilipokumbuka kwamba sikujua liko kwa nani.

DJ aliuliza kwenye grupu yetu ya simu. Majibu yakaja, na kila jibu lilikuja na picha. Kumbe koti lilikuwa limezunguka Eastlands nzima. Katika picha ya kwanza DJ mwenyewe alikuwa ameikata mikono hadi kwenye viwiko. Katika ya pili, kijana wa Umoja alikuwa ametoa kipande kizima cha kifua akaweka kitambaa chekundu. Mwingine alikuwa ameweka zipu, mwingine mifuko ya jinzi. Kila picha maua yalizidi kupungua. Nilizitazama tena na tena, nikipanga maneno ya kumwambia mama, kisha nikiyapangua.

Mtu wa mwisho alikuwa msichana wa Eastleigh, ambaye baba yake huuza vitambaa kwa jumla. Nilimkuta dukani, kati ya marobota. Koti lilikuwa limekunjwa kwenye karatasi safi.

"Nimelipiga pasi," alisema. "Nililiongeza urefu, lilikuwa linaishia kiunoni. Nikatumia kitambaa cheusi cha buibui. Sikujua, wallahi."

"Hukukosea. Ndiyo sheria."

Baba yake aliinua macho kutoka kwenye kikombe cha chai. "Ni la marehemu?"

"Ndiyo, mzee."

"Pole, kijana. Kwetu mtu huenda na sanda nyeupe. Koti, tai, hizo ni shida zenu." Akanywa chai. "Lakini mama akitaka kitu, mpelekee. Usimjibu na sheria."

Nilirudi nyumbani kwetu nikalitandaza koti mezani. DJ alikuja kulitazama. Nilikuwa nimeamua, au nilidhani nimeamua, kufumua kila kilichoongezwa ili mama apate pazia lake. Nilianza na kile kitambaa chekundu. Nilipokata nyuzi chache, nikaona chini yake hakuna pazia. Kulikuwa na tundu tu. Zipu nayo ilikuwa inashikilia pande mbili ambazo zingeachana. Kama ningeondoa kazi ya watu wengine wote, koti lingeanguka vipandevipande.

"Acha," DJ alisema. Mara hiyo hakuwa na mzaha. "Utambebea mathe matambara."

"Na nikimbebea hivi, atasema silo."

"Basi aseme. Si yeye ndiye anajua pazia yake?"

Nilizishona tena zile nyuzi nilizokata. Mshono wangu ulionekana wazi, umepinda. Nikajiuliza kama hilo sasa lilihesabika kuwa badiliko langu.

Mama alilipokea asubuhi ile ya kupeleka nguo. Shangazi mmoja alikuwa mlangoni na mfuko wenye suti na viatu. Mama aliliweka koti juu ya kitanda, akaligeuza, akalifungua, akapitisha kiganja kwenye kitambaa chekundu, kwenye jinzi, kwenye ule weusi wa chini. Alikuwa anatafuta.

"Yake ni gani hapa?"

Nilimwonyesha kola. Nikaligeuza, nikamwonyesha mgongo. Maua mawili yalikuwa bado yanatazamana. Hakuna aliyethubutu kuyagusa.

Shangazi akaita kwamba gari linangoja.

"Hawa wengine wote ni akina nani?" aliniuliza.

"Ni watu waliolivaa, mama. Ndivyo alivyotaka. Kila mtu aongeze kitu."

"Alikuwa na watu wengi hivi?"

"Ndiyo."

"Na mimi nilidhani anakaa tu na wewe." Alitabasamu kidogo, kisha uso ukamkunjika, akaficha macho kwa kiganja. Nilisimama pale bila kujua mikono yangu niipeleke wapi.

Alipotulia aliomba makasi. Yalikuwa pale pale, kwenye droo ya cherehani. Alikata mgongoni polepole, akazunguka maua mawili, akatoa kipande cha ukubwa wa kitambaa cha mkononi. Akakikunja. Akakitia kwenye mfuko wa ndani wa ile suti, upande wa moyo, akaubonyeza mfuko ulale vizuri.

"Wifi, haya, peleka," alimwambia shangazi.

Kisha akalikunja koti lenyewe, akanipa.

"Hili rudisha kwa wenzenu. Sitawazikia nguo yao. Na yule aliyeliongeza urefu mwambie asante, amelishona vizuri."

Tulimzika Jumamosi kukiwa na manyunyu. Sikuyaona tena yale maua, kwa sababu yalikuwa ndani ya mfuko, ndani ya suti, ndani ya jeneza. Lakini wakati wote wa ibada niliyawaza hayo tu, kama yamekunjwa yakitazamana au yamepeana migongo.

Jumapili bado tunakutana kwenye stoo, wachache kuliko zamani. Maandishi yake ya chaki yamefifia na hakuna anayetaka kuwa wa kuyaandika upya. Koti nimekwenda nalo kila mara, na kila mara nimerudi nalo. Siwezi kulitundika kabla sijalibadilisha, na kitu cha kubadilisha ni kimoja tu: tundu lililo mgongoni. Nimenunua vitambaa. Nimewahi kupata, kwenye mitumba ya Gikomba, kahawia inayokaribia ile kabisa, nikailaza pale, nikaiondoa.

Juma lililopita DJ alizima muziki akaja, akanikuta nimeketi nalo magotini.

"Si ulivae tu?" alisema. "Livae hivyo hivyo."

Nililivaa. Tulikuwa karibu na mlango na kulikuwa na upepo. Baridi iliingia mgongoni pale yalipokuwa maua, nikaketi nayo hadi mjomba wake alipokuja kufunga.