Kalamu ya Bwana Shamba

Wiki iliyopita nilifuatana na bwana shamba hadi kijiji kimoja cha ujamaa karibu na Ziba. Mama mmoja alikuwa akifukia magugu ndani ya matuta, badala ya kuyachoma kama ilivyoagizwa.

"Shikamoo mama. Shamba lako chafu," bwana shamba akamwambia.

"Marahaba. Hebu chomeka kalamu yako hapa."

Kalamu ikazama yote kwenye tuta. Mama akatupeleka shamba la kijiji, lililosafishwa kwa moto. Huko kalamu ikavunjika. Bwana shamba akaazima yangu, akaandika: "Mama aelimishwe kwenye semina."

Jana nimempitia bwana shamba nyumbani kwake, mtaa wa Gongoni. Nimemkuta uani ameinama, anafukia magugu.

"Haya ya nyumbani tu," akaniambia.

Siku ya semina, jamani, chaki apewe yule mama.