Mwende, Uliiokoa Yadi Yetu ya Reli

Siamini bado. Jana asubuhi nilimpiga picha mbuzi amelala juu ya reli, nikafungua simu nimtumie Mwende, ndipo nikakumbuka ametuacha.

Kwa wale hamkumjua: Mwende alikuwa receptionist wa kliniki hapa Sultan Hamud, rafiki yangu tangu nursery, na mbishi kuliko watu wote niliowahi kupenda. Mimi ni Kioko wa sound, yule wa kukodisha spika. Kila meeting yake nilimfanyia bure. Si kwamba mimi ni mkarimu, ni vile hakuwa ananiuliza.

Baba yake alifanya kazi kwenye yadi ya reli, pale nyuma ya stesheni, akiunganisha mabehewa. Mama yake aliwauzia wafanyakazi chai na muthokoi, yale mahindi ya kukoboa, hapo hapo. Mwende alijifunzia kutembea katikati ya treni. Siku hizi mama angeshtakiwa.

Nyinyi vijana mnapajua kama kichaka cha kupitia njia ya mkato. Wazee wetu wanapajua vingine kabisa. Injini za mvuke zilisimama pale kunywa maji, mabehewa ya ng'ombe na ya mahindi yakapangwa, king'ora kikilia mji mzima unajua shift imeisha. Halafu zikaja injini za dizeli, kazi ikapungua. Halafu ikajengwa reli mpya, na yadi yetu ikaachiwa mbuzi.

Mwaka juzi tukasikia jamaa mmoja mwenye malori anataka reli zote zing'olewe ziuzwe scrap, pawe parking. Alikuwa anawaambia watu hapo hakuna kitu, ni nyasi tu. Wakubwa wa reli, wenye kuamua, wangekuja site visit, na wakikubali, lori linaanza kubeba siku hiyo hiyo.

Mwende alilia kwa hasira dukani kwangu. Akapangusa uso, akasema anataka spika.

Akaanza kuwatafuta wote waliowahi kufanya kazi pale. Akaenda Emali, akaenda Malili, akafika mpaka Tulia kule Kitui kumtoa Mzee Mutiso, ambaye kazi yake ilikuwa kubadilishia treni njia. Hakumwomba mtu hotuba. Aliwaambia jambo moja tu: siku ya wageni, kila mtu asimame pale alipokuwa anafanyia kazi.

Wueh, hiyo siku. Wazee walikuja na makoti ya kanisani. Mzee Mutiso na mwenzake wakaanza kubishana ndani ya nyasi, njia mbili zilikuwa zinaachania wapi. Mwenzake akamwambia hawezi kukumbuka kwa sababu shift zote alikuwa analala. Likaletwa jembe. Likagonga chuma katikati yao, na mpaka leo kila mmoja anadai yeye ndiye alisema ukweli.

Mmoja akasimama chini ya tangi la maji, wengine mlangoni mwa ghala la mizigo, wengine wakajipanga kufuata reli zilizozikwa na mchanga. Mama yake Mwende akakaa na sufuria yake pale pa zamani. Ukisimama kwenye ngazi za stesheni uliiona yadi nzima, kutoka mwanzo hadi mwisho, na ilikuwa ni watu. Nilikuwa nimeshika mic, nikaizima.

Yule mkubwa wa wageni akapita katikati yao polepole. Akamwuliza Mwende abiria wa daraja la tatu walikuwa wanangojea wapi. Mwende akamwonyesha. Akaenda akasimama hapo, na suti yake yote, peke yake.

"Hapa ndio mama aliniagia nikienda boarding," akasema. "Hii kitu haing'olewi."

Lori liliondoka tupu. Mimi nikalisindikiza na kwaya, volume juu kabisa, na Mwende akicheza mbele ya spika bila viatu. Sijawahi kuona binadamu mwenye furaha hivyo.

Sasa reli zimefukuliwa na kusafishwa. Watoto wa shule wanakuja na mabasi kutoka Wote na Kitui, na Mzee Mutiso anawaeleza huku akiongeza chumvi. Ratiba yote ilikuwa ya Mwende, hata akiwa amelazwa. Nilipoenda kumwona mara ya mwisho hakutaka habari za ugonjwa. Aliniuliza kama nyasi zimefyekwa.

Leo jioni, Mwende, tumekuombea pale yadini. Mama yako ndiye alichagua mahali. Watu walijaa, viti vikaisha, wengine wakakaa juu ya reli. Mama naye akakataa kiti, akakaa na wao. Akapapasa kile chuma kwa mkono, akaniangalia.

"Kioko, mwana wakwa," akasema, "huyu msichana alishinda."

Ulishinda, rafiki yangu. Kesho tunakuzika kwenu, na nitalia, lakini nitalia nikiwa nimeinua kichwa.

Lala salama, Mwende. Hizo reli hakuna mtu anagusa.